Mrejesho: mashine ya kufyonza vumbi ya marehemu babu

Wakuu, niliuliza kwa nini inatoa cheche na harufu ya kuungua. Ni kaboni, vile vipande viwili vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka: moja ilibaki milimita 4 tu, springi haiisukumi tena hadi kwenye komyuteta (duara la vipande vya shaba kwenye mhimili wa mota). Nimeweka jozi mpya, nikasugua komyuteta kwa msasa laini namba 400 (si ule mweusi wa chuma, unga wake unapitisha umeme), kisha nikatoa uchafu kwenye mifereji kati ya vipande vya shaba kwa kijiti cha mti. Waya wa umeme wenye ganda la mpira ulipasuka kila ukikunjwa, nimeutoa wote.

Kabla ya kuchomeka moja kwa moja, pitisha umeme kwanza kwenye balbu ya nyuzi ya wati 100, ndipo ufike kwenye mota. Ikiwaka kabisa huku mota imetulia tuli, huenda kuna shoti au mota imekwama. Kwangu cheche ndogo bado zipo, kwa kuwa kaboni mpya hazijalika zikafuata mviringo wa komyuteta.