Fomu ya proksi ya mkutano mkuu Kileleshwa: nisaini jina likiwa wazi?

Kutoka: Dallas

Hamjambo wote,

Naomba ushauri wa haraka. Mimi na mume wangu tuna nyumba ya vyumba vitatu katika jumba moja pale Kileleshwa, Nairobi, tuliyoinunua ikiwa bado ni ramani kwenye karatasi. Mpangaji analipa vizuri, hatuna neno naye. Neno ni kamati. Mkutano mkuu wa mwaka ni Jumamosi ya wiki ijayo saa nne asubuhi, ambayo huku Texas ni saa nane usiku. Ajenda ina mambo mawili makubwa: uchaguzi wa wakurugenzi wa kampuni ya usimamizi, na pendekezo la kupandisha ada ya huduma.

Mwenyekiti ameweka fomu ya proksi, yaani ya kumteua mtu akupigie kura, kwenye kikundi cha WhatsApp. Maagizo yake: walio nje wasaini, nafasi ya jina la mwakilishi waiache wazi, wamrudishie yeye, "ofisi itakamilisha." Jirani yetu mmoja aliye Leeds alipouliza kwa nini, alijibiwa kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Kikundi kizima kikanyamaza.

Nisaini hivyo hivyo? Nikikataa, kura imepotea? Na kwa kuwa karatasi zina majina yetu wawili, tunasaini sote?

Kutoka: Tampa

Dada, usisaini kitu. Huku Florida jambo hilo lingefutwa asubuhi na mapema. Kwenye kondo, yaani majumba ambayo kila nyumba ina mwenyewe, sheria yao ya sura ya 718 hairuhusu proksi kabisa katika kuchagua bodi. Unapata notisi ya kwanza siku 60 kabla ya uchaguzi, anayetaka kugombea anajiandikisha angalau siku 40 kabla, halafu unaletewa karatasi ya kura na bahasha mbili: ya ndani haina jina, ya nje unaisaini. Mtu mwingine hawezi kukupigia kura hiyo, hata awe mkeo. Inatosha asilimia 20 ya wapiga kura warudishe karatasi ili uchaguzi uwe halali.

Na usione kama ni mambo ya wastaafu wasio na kazi. Tarehe 24 Juni 2021 jumba la Champlain Towers South kule Surfside liliporomoka usiku watu wamelala, wakafa 98. Miezi michache kabla ya hapo wenye nyumba walikuwa bado wanavutana na bodi juu ya mchango wa dola milioni 15 za ukarabati. Anayekaa kwenye bodi ndiye anayeamua nguzo zitakaguliwa lini.

Mwambie huyo mwenyekiti proksi ni marufuku.

Kutoka: Nairobi

Mzee wa Tampa, kwa heshima zote, sheria ya Florida inaishia Florida. Tena hata huko kwenu, mitaa ya nyumba za kusimama peke yake iko chini ya sura ya 720, na humo proksi hutumika isipokuwa kanuni za mtaa zikikataa. Dada akienda kumwambia mwenyekiti wa Kileleshwa kwamba proksi ni marufuku, atachekwa, na atakuwa ameitupa silaha pekee aliyo nayo.

Dada yangu, mimi nilirudi nyumbani na sasa nimo kwenye kamati ya jumba letu huku Kilimani, kwa hiyo fomu hizi naziona zikiingia. Naomba nieleze kwa urefu kidogo.

Kwanza tazama karatasi zenu. Majumba mengi ya Nairobi yaliuzwa kwa mtindo wa zamani: mnunuzi anapewa mkataba mrefu wa upangaji juu ya nyumba yake, pamoja na hisa moja katika kampuni ya usimamizi. Sheria ya mwaka 2020 ya umiliki wa majengo kwa sehemu, iliyoanza kutumika tarehe 28 Desemba mwaka huo, ilitaka mikataba hiyo igeuzwe kuwa hatimiliki kamili ya kila nyumba katika miaka miwili. Miaka hiyo imekwisha na majumba mengi bado hayajageuza. Pale ambapo wamegeuza, wenye nyumba wote ni wanachama wa shirika la jumba, na uzito wa kura unafuata sehemu ya kila nyumba katika jengo. Wewe umetaja wakurugenzi na kampuni, kwa hiyo nadhani mko kwenye mtindo wa zamani, na kinachowaongoza ni katiba ya kampuni yenu pamoja na Sheria ya Kampuni ya 2015.

Sheria hiyo inampa kila mwanachama haki ya kumteua mtu mwingine ahudhurie, azungumze na apige kura kwa niaba yake. Umteue nani ni juu yako: ndugu, wakili, rafiki wa kanisani, jirani wa ghorofa ya tatu. Anaweza kuwa mwenyekiti pia, ukitaka. Ila awe wewe uliyeliandika jina lake, kwa mkono wako, kabla ya kusaini.

Ukisaini bila jina na bila maagizo, umempa mtu hundi wazi. Sisemi mwenyekiti wenu ni mwizi. Inawezekana anahofia tu akidi, idadi ya watu inayotakiwa ili mkutano uwe halali, haitatimia, maana kwenye majumba yetu nusu ya wenye nyumba wako ng'ambo na nusu ya waliobaki hawaji mkutanoni mpaka lifti ikwame. Proksi huhesabiwa kwenye akidi, na kwa hilo hofu yake ina msingi. Lakini mwenyekiti anayegombea tena, mwenye fomu thelathini tupu ndani ya droo, hahitaji mkutano. Anahitaji kalamu. Nimewahi kukaa mkutanoni, viti vya plastiki vimepangwa kwenye maegesho ya chini, watu wakibishana saa mbili nzima juu ya bei ya maji ya boza (lori la maji) na dizeli ya jenereta, halafu ikatolewa bahasha ya kaki yenye fomu za namna hiyo na mjadala wote ukawa kazi bure.

Kwa hiyo fomu yako ijaze hivi. Jina kamili la mwakilishi na namba ya kitambulisho chake. Jina la mwakilishi wa pili, wa kwanza akikosa kufika, kwa sababu Jumamosi asubuhi Nairobi ni siku ya harusi na mazishi. Tarehe ya mkutano huo na maneno kwamba uteuzi ni kwa mkutano huo pekee, na mkutano huo huo ukiahirishwa. Kisha maagizo, kipengele kwa kipengele: ada ya huduma, hapana mpaka hesabu zilizokaguliwa ziwekwe mezani, wakurugenzi, fulani ndiyo, fulani hapana, mengineyo, atumie busara yake au asipige. Nafasi ikibaki tupu, ipige mstari. Sainini wote wawili. Kura yenu ni moja, si mbili, lakini saini mbili zinamnyima mtu sababu ya kuikataa fomu mlangoni.

Halafu kuna jambo ambalo watu hawalijui, nalo ndilo linalotuangusha sana. Kura ikipigwa kwa kuinua mikono, mwakilishi aliyebeba fomu kumi bado ana mkono mmoja. Mwambie mapema: mkifika kwenye uchaguzi, asimame adai kura ya kuhesabiwa kwa karatasi, ambapo kila hisa inaandikwa. Proksi ana haki ya kujiunga na wanachama wengine kudai hivyo. Wakiwa watano wenye haki ya kupiga kura wakidai pamoja, mwenyekiti hawezi kujifanya hakusikia. Ndiyo maana nakushauri uzungumze na huyo wa Leeds na wengine walionyamaza, mkubaliane, ila msimpe mtu mmoja fomu zote. Gawaneni wawakilishi.

Kagua pia deni. Kanuni za majumba mengi zinamnyima kura mwenye nyumba anayedaiwa ada, na hapo ndipo watu hupigwa chenga: unaambiwa mlangoni kwamba unadaiwa faini ya ajabu ya mwaka juzi. Omba taarifa ya akaunti yako wiki hii kutoka kwa wakala anayesimamia jumba, ikionyesha sufuri, na mwakilishi aje nayo imechapishwa.

Mwisho, ingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, au mtume wakili akutolee CR12 ya kampuni yenu. Ni karatasi inayoonyesha wakurugenzi walioandikishwa rasmi. Mara nyingine utakuta kampuni bado iko mikononi mwa mjenzi na jamaa zake, na hiyo kamati mnayogombana nayo haimo kabisa kwenye rejista. Ikiwa ndivyo, mnachagua nani, na kwenye kiti gani? Swali hilo liulizwe kabla ya Jumamosi, kwa maandishi.

Kutoka: Doha

Asante kaka wa Nairobi. Mimi nina nyumba Syokimau. Ndugu yangu ana hati ya uwakili niliyosaini aliponinunulia, ikasajiliwa ardhi na kila kitu. Si hiyo inatosha kwenye mikutano? Sitaki tena kutafuta mtu wa kugonga muhuri huku.

Kutoka: Nairobi

Isome imesema nini. Hati nyingi za namna hiyo ziliandikwa kwa kazi moja: anunue, asaini mkataba, apokee hatimiliki. Kama haikutaja kuhudhuria mikutano na kupiga kura, katibu akiwa mkorofi ataikataa, na atakuwa na hoja. Fomu ya proksi ni ukurasa mmoja, kwa kawaida haitaki wakili wala ubalozi. Saini, piga picha safi, tuma. Kwa hili mbona unajitafutia safari?

Na wewe wa Doha huna hata kisingizio cha saa. Saa yenu na yetu ni moja. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, kampuni inaweza kufanya mkutano mkuu kwa mtandao, au nusu ukumbini nusu mtandaoni. Waandikie waweke kiungo.

Kutoka: Doha

Saa ni moja, zamu si moja. Jumamosi mimi niko kazini kuanzia alfajiri. Lakini nimekuelewa, natuma fomu.

Kutoka: Toronto

Niongeze kidogo. Huku Ontario proksi inaruhusiwa kwenye kondo, lakini sheria inataka fomu ya kuchagua au kuondoa wakurugenzi itaje majina ya wale ambao mwakilishi atawapigia au kuwapinga. Siku hizi kuna fomu moja rasmi ya serikali, huwezi kujitungia yako. Ilikuja baada ya malalamiko mengi ya fomu zilizojazwa na watu wasio wenye nyumba. Hiyo ya kutaja majina ya wagombea si sheria ya Kenya, ila hakuna anayekuzuia kuiga ukiwa Dallas.

Swali langu kwa wa Nairobi: mpangaji je? Anaweza kuwa proksi?

Kutoka: Nairobi

Anaweza, kama katiba ya kampuni haikatazi. Wengine hawapendi wazo hilo, wanaona mpangaji ataisema nyumba yako kama yake. Mimi naona kinyume. Mpangaji anajua kisima kilikauka lini na lifti imelala siku ngapi, kuliko shemeji yako wa Kitengela anayefika mara moja kwa mwaka kuchukua barua. Usimpe tu uamuzi wa jambo linalomgusa mfukoni. Kama mkataba wake unasema ada ya huduma analipa yeye, unajua atapiga kura gani. Hapo ndipo maagizo ya maandishi yanasaidia, maana mwakilishi uliyemteua anatakiwa kupiga kura jinsi alivyoelekezwa.

Kutoka: Dallas

Mungu awabariki. Nimesoma kila mstari, na mume wangu pia, ingawa yeye bado anataka kumpigia mwenyekiti simu wagombane kwanza.

Tumeamua hivi: binamu yangu anayeishi South B awe wa kwanza, mpangaji awe wa pili. Ada tumeandika hapana. Wakurugenzi tumetaja majina mawili. Jirani wa Leeds naye kakubali, na kuna wengine watatu wamenitumia ujumbe pembeni, kumbe hawakunyamaza kwa kupenda. Nimeomba pia kiungo cha mtandao, nitakesha nikiweza.

Maswali mawili ya mwisho. Nimtumie nani, mwenyekiti? Na fomu yao inasema ifike saa 48 kabla. Wanaweza kubadilisha wakasema siku saba?

Kutoka: Nairobi

Saa 48 ndiyo kikomo. Sheria ya Kampuni hairuhusu wadai zaidi ya hapo, hata kama katiba yao imeandika vingine. Mkutano ukiwa Jumamosi saa nne asubuhi, mwisho wako ni Alhamisi saa nne asubuhi ya Nairobi, ambayo kwenu ni saa nane usiku. Usingoje usiku huo. Tuma Jumanne, wakiwa na sababu ya kulalamika uwe bado na muda wa kurekebisha.

Anwani ni ile iliyoandikwa kwenye notisi ya mkutano, kwa kawaida ya katibu wa kampuni au ya wakala. Tuma barua pepe hapo, nakala kwa mwenyekiti, nakala kwa binamu, na uombe wajibu kwamba wameipokea. WhatsApp tumia kama ukumbusho tu. Binamu aje na nakala mbili zilizochapishwa na kitambulisho chake, afike saa tatu, aone jina la nyumba yenu likiandikwa kwenye daftari la waliohudhuria, na asiondoke mlangoni mpaka limeandikwa.

Ukikesha na mtandao ukashika, mwambie mwenyekiti mwanzoni kabisa kama unapiga kura mwenyewe au binamu ndiye anayepiga. Kura yenu ni moja, msiipige wote wawili.

Mume wako mwambie simu apige Jumapili.