Mrejesho: plagi za jenereta zilizokaa stoo

Wakuu, niliuliza kwa nini plagi mpya za BPR6ES (plagi za kuwashia injini) zilizokaa stoo miaka zinakosa moto kwenye Honda GX160, injini ya jenereta. Asanteni. Kumbe ni unyevu wa Dar: kauri (sehemu nyeupe ya plagi) imeshika uchafu wenye maji, umeme unavujia pembeni badala ya kuruka kwenye pengo la nchani.

Futa kauri kwa kitambaa chenye petroli kidogo, ikauke kabisa. Kutu ya kwenye meno ya kufungia iondoe kwa brashi ya waya (msasa hapana, chembe zake huishia silinda). Pima pengo kwa fila geji (vipande vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi): 0.7 hadi 0.8 mm. Yenye ufa, hata mwembamba kama unywele, tupa tu. Anza kufunga kwa mkono. Ikigota, ongeza nusu mzunguko. Iliyowahi kufungwa, robo inatosha.

Kati ya plagi sita, zilipona nne.