Naomba ushauri: rangi inakauka kwenye sindano ya airbrush (brashi ya kupuliza rangi kwa hewa) nikipuliza mabaka ya modeli ya kifaru cha vita

Habari zenu wakuu. Nina modeli ya kifaru cha Kijerumani, Tiger I, kipimo cha 1:35. Naipaka rangi tatu za mwaka 1943: njano iliyofifia chini, juu yake mabaka ya kijani na ya kahawia nyekundu. Njano imekaa safi kabisa. Balaa ni mabaka. Natumia rangi ya akriliki, nozeli (tundu la kutolea rangi) ya milimita 0.3, presha ya hewa PSI 20. Nikivuta mstari mwembamba, rangi inakauka kwenye ncha ya sindano; nikiongeza thina (ya kuzimulia rangi) inatawanyika kama miguu ya buibui. Ubavu mmoja nimeshaufuta mara mbili (wife anacheka tu). Nishushe presha hadi 12, au nitie dawa ya kuchelewesha kukauka? Thina mnaweka kiasi gani? Chumbani kuna joto na feni, huenda inachangia?