Scania inapumua sana kwenye briza: nirudishe moshi kwenye eya klina, nichomelee kopo au ninunue ProVent?

Mpiga Tela
Wakuu habari za jioni. Scania yangu inatoa moshi mwingi kwenye briza (bomba la kupumulia injini), oili inadondoka mpaka mbele ya tela kumelowa, na dereva analalamika harufu ndani ya kebini hasa akisimama foleni ya mizani. Nguvu bado ipo. Jumamosi naiingiza gereji na nimepewa njia tatu. Fundi wangu anasema tuchukue hozi ya briza tuiunganishe kwenye bomba la eya klina (chujio la hewa) kabla ya turbo, moshi unaliwa na injini yenyewe, gharama ni hozi na klipu tu. Pili ni kuchomelea kopo la chuma lenye koki chini, oili inakusanyika humo unamwaga. Tatu kuna jamaa anauza ProVent 200 ya Mann+Hummel, chujio la kutenganisha oili na moshi wa briza, anataka hela ndefu. Mliowahi kufanya mnishauri, ipi bora?

Fundi Pampu
Scania ipi mkuu? 112, 113, 94, 124? Injini imeshafunguliwa au bado? Inakula oili kiasi gani Dar mpaka Tunduma? Moshi unatoka ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyaga mafuta) au ikiwa na mzigo mlimani? Umeandika mistari kumi na hujasema hata moja kati ya hayo.

Chuma cha Mchanga
Achana na makopo na ProVent. Chukua bomba refu, lishushe mpaka chini ya chesisi, ule mdomo wa chini ukate mshazari uangalie nyuma, gari ikitembea upepo unavuta moshi wenyewe. Malori mengi ya zamani yalikuja hivyo toka kiwandani na yalitembea miaka. Gharama yake unamaliza na hela ya soda.

Fundi Pampu
Upepo unavuta gari ikitembea. Yeye shida yake ni foleni ya mizani, imesimama, hapo unavuta nini?

Kanairo Diesel
Boss weka kopo uachane na hizo maneno. Mimi Isuzu FSR yangu nilikata mtungi wa gesi ya friji, nikajaza ndani ile stilwuli ya kuosha sufuria, hozi moja inaingia ingine inatoka juu inaenda nje. Inashika oili poa sana. Hapa Kirinyaga Road wanakuchomelea ukikunywa chai.

Mdau Muscat
@Kanairo Diesel sawa kwa sababu wewe umetoa nje. Mtu asije akachukua hilo kopo lenye stilwuli akaliunganisha na njia ya turbo, ule waya unaoza na kukatika vipande vipande, na vikivutwa vinakutana na feni ya turbo inayozunguka kwa spidi ya ajabu.

Tingo Mstaafu
Hiyo njia ya kwanza ya kurudisha kwenye eya klina mimi siigusi, na ngoja niwaambie kwa nini. Nilikuwa tingo kwenye Fuso ya tajiri mmoja hivi, injini imechoka inapumua kama yako, akaambiwa na fundi arudishe moshi kwenye turbo, ikafungwa hozi safi, briza ikawa kavu na tajiri akafurahi. Kumbe ile oili haiendi mbinguni, inapita turbo inaenda kulala chini kwenye intakula (kipoza hewa baada ya turbo). Siku hiyo tumetoka Mikumi tumebeba mbao tupu, namaanisha mbao tumeshashusha tunarudi tupu, tukafika Kitonga, dereva anapandisha, ile anabadilisha gia injini ikapanda yenyewe. Mguu hauko kwenye mafuta. Ikalia kelele ambayo sijawahi kusikia, moshi mweupe wa bluu umefunika barabara yote, basi lililokuwa nyuma likasimama. Dereva akazima swichi, haizimi, maana pampu imeshakata dizeli lakini injini inakula oili yake yenyewe. Mimi nikashuka na blanketi la kulalia nikawa naziba mdomo wa bomba la hewa nyuma ya kebini, blanketi likavutwa lote nusura na mkono wangu. Ndo dereva akapata akili, akakanyaga breki mpaka mwisho, akatia gia kubwa akaachia klachi, ikafa. Kufungua intakula ikamwagika oili ya kujaza kidumu. Pistoni mbili zimekwaruza laina, turbo imekufa, na tajiri akataka kutukata mishahara eti tumeendesha vibaya. Petroli ina kile kifuniko cha kubana hewa, dizeli haina, ikipata kitu cha kuungua itakula mpaka ipasuke.

Chuma cha Mchanga
Kitonga unapandisha unatoka Mikumi, mbao zinatoka Mafinga kuja Dar, kwa hiyo mlikuwa mnarudi kuchukua mzigo. Hapo nimekuelewa. Ila mbona gari nyingi za siku hizi zinarudisha moshi kwenye turbo na hazipasuki?

Mdau Muscat
Zina chujio la kutenganisha oili kabla moshi haujafika kwenye turbo, na injini ni nzima. Marekani kwenyewe malori ya dizeli yenye turbo yaliruhusiwa kutoa moshi wa briza nje mpaka sheria ya 2007, na sababu mojawapo ni hiyo oili kuchafua turbo na intakula. Sasa ProVent inafanya kazi hiyo ya chujio. Ndani kuna elementi ya nyuzi, matone madogo yanaungana yanakuwa makubwa yanadondoka chini, yanarudi sampu (karai la oili chini ya injini) kupitia valvu ya upande mmoja. Ina valvu ya kulinda injini isivutwe sana na nyingine inayofunguka elementi ikiziba. Lakini angalia namba mkuu, 200 ni lita za moshi kwa dakika. Watu wengi wanaifunga kwenye Land Cruiser na Patrol. Kama Scania yako ni ya lita 11 na imechoka unaweza ukaizidi, ndo maana wametengeneza na 400. Halafu feki zimejaa, unafungua ndani unakuta wavu tu.

Mpiga Tela
Samahani wakuu nilikuwa site. Ni 113H 360, injini ile ile DSC11. Nilinunua ikiwa imefanywa ringi za pistoni, muuzaji ndo alisema. Oili naongeza ila sio sana. Moshi upo hata sailensa. Nimesahau kusema, ukifungua koki za mitungi ya upepo yanatoka maji yamechanganyika na oili nyeusi.

Fundi Pampu
Ungeanza na hilo la mwisho. Kompresa ya upepo kwenye 113 inalainishwa na oili ya injini na inamwaga kwenye sampu hiyo hiyo. Ringi za kompresa zikiisha, upepo wa kujaza mitungi unashuka kwenye sampu na kutokea briza, wewe unaona injini imekufa kumbe kompresa. Paki gari pazuri, weka mawe kwenye matairi, legeza bomba la kutoa upepo kwenye kompresa, washa, angalia briza. Moshi ukipungua sana umeshampata mwizi na hujatumia hata mia. Usipopungua angalia turbo, nayo sili zikiisha inasukuma upepo kwenye sampu kupitia bomba la kurudisha oili. Ukimaliza hizo mbili ndo uzungumzie ringi. 

Kanairo Diesel
Na kama ni ringi kweli? Afungue injini yote juu ya moshi?

Fundi Pampu
Kama ni ringi hakuna kopo la kuponya ringi. Ila akiamua kufunga chochote apime kwanza. Hozi nyeupe inayoonyesha, ikunje kama herufi U, tia maji, upande mmoja uchomeke kwenye shimo la dipstiki ubane vizuri. Washa, angalia maji yamepanda kiasi gani, weka alama kwa peni. Funga hilo kopo lako, pima tena kwa raundi zile zile. Maji yakipanda kuzidi ile alama umeikaba injini, na mwezi ujao utakuja hapa kuuliza sili ya nyuma ya krenki. Wachomeleaji wengi wanaweka nipo (kiunganishi cha hozi) nyembamba kuliko briza ya kiwandani. Na hozi isiwe na bonde, oili na maji vikilala hapo vinaziba.

Chuma cha Mchanga
Ile inayokusanyika kwenye kopo usirudishe sampu. Pitia Makambako na Njombe kwenye baridi uone, inatoka kama uji wa maziwa. Hayo ni maji.

Mdau Muscat
Injini ikishika moto maji yanakuwa mvuke yanaondoka, ProVent inarudisha na haijaua injini.

Chuma cha Mchanga
Huko kwenu jua linachemsha mayai, njoo Njombe mwezi wa saba.

Tingo Mstaafu
Tatizo lenu ni oili. Ukiweka SAE 40 nzito moshi unapungua wenyewe, hizi 15W-40 nyepesi ndo zinapanda kwenye briza.

Fundi Pampu
Ikishapata moto 15W-40 nayo ni 40 hiyo hiyo mzee wangu. Tofauti iko asubuhi ikiwa ya baridi.

Tingo Mstaafu
Mimi nimeona kwa macho.

Kanairo Diesel
Ndio maana sisi tunakaa na Isuzu 😂

Mpiga Tela
Fundi Pampu nakushukuru, Jumamosi tunaanza na kompresa. Fundi wangu nimemwonyesha hii amesema kompresa ni nzima, amenuna. Jamaa wa ProVent naye anasema kuna mteja mwingine.

Chuma cha Mchanga
Kuna mteja mwingine siku zote.

Mama Spea Gerezani
Ukikuta ni kompresa nicheki inboksi, nina riperi kiti na kompresa nzima za 113 na 124, zimetoka Ulaya na gari.

Kanairo Diesel
Mama Spea uko na silinda hedi ya injini ya Isuzu 6HH1?