Mahubiri ndani ya basi: abiria asiyetaka afanyeje?

MLETA MADA
Wakuu, salaam. Nitangulie kusema mimi ni Mkristo, tena mzee wa kanisa, msije mkaniita mpinga Kristo bure. Juzi nilipanda basi la Mbeya pale stendi ya Magufuli, Mbezi. Kabla ya Kibaha kijana mmoja akasimama katikati ya siti, Biblia mkononi, akaanza kuhubiri kwa sauti ya kupasua masikio. Nyuma yangu kulikuwa na mama anabembeleza mtoto mwenye homa. Akaomba taratibu, "Mtumishi, punguza sauti kidogo." Akajibiwa kwamba shetani hupenda kutumia walio karibu. Basi zima kimya. Ikapita kofia ya sadaka, mtumishi akashuka.

Mhubiri wa sokoni akinichosha, naondoka zangu. Kwenye basi nirukie dirishani? Naona mahubiri ya mabasini yakome. Karibuni, matusi hapana.

MLOKOLE WA MORO
Mzee wangu, umenigusa pabaya. Mimi nilikuwa mtu wa gongo, asubuhi na jioni. Niliokoka ndani ya basi, nikitokea Ifakara. Kanisani nisingeingia hata kwa kuburutwa. Mathayo 28:19 inasema enendeni, haisemi kaombeni kibali kwa konda. Na Katiba, ibara ya 19, inasema kutangaza dini ni huru. Hizo video za wanenguaji tunazowekewa toka Dar mpaka Mbeya, mbona hazifunguliwi mada?

MLETA MADA
Ibara hiyo imalizie, ndugu yangu: huru "na jambo la hiari ya mtu binafsi." Hiari unayo wewe na mimi ninayo. Video nazo zizimwe, nitakushukuru.

BINTI WA TANGA
Mimi Mwislamu. Kutajiwa Yesu hakunipunguzii kitu, Nabii Isa tunamjua. Kinachoniudhi ni mhubiri kuniona na hijabu yangu, basi mahubiri yote yakageuziwa kwangu, na abiria wananiangalia kama nimeiba. Lakini niliwahi kukaa siti moja na bibi mmoja Msabato. Alinimenyea machungwa, tukapiga soga, mwishowe nikamuuliza mwenyewe kwa nini Jumamosi hafungui duka lake. Akanieleza mpaka Chalinze. Sijabatizwa, ila namba yake ninayo na tunajuliana hali.

KONDA MSTAAFU
Wapo wa kweli, na wapo waliokariri hubiri moja. Asubuhi basi la Arusha, mchana la Songea, na ni yuleyule aliyefufuka mochwari. Wale niliowaheshimu hawakuwahi kupitisha kofia.

TICHA WA HISTORIA
Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa mwaka 1844. Mkewe na kichanga chao wakafa mwaka huohuo. Hata hivyo akajifunza Kiswahili na kuanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo, kisha 1846 akaanzisha kituo cha misheni Rabai, karibu na Mombasa, pamoja na mmisionari mwenzake Rebmann. Waliobatizwa siku zao walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Angekuwa mtu wa kutafuta mavuno kati ya Mbezi na Kibaha, angepanda meli akarudi kwao.

MLOKOLE WA MORO
Ticha, Krapf alikuwa na miaka. Abiria wa leo ninaye kwa nusu saa tu, na ajali za barabara hii mnazijua.

MLETA MADA
Hapo ndipo tunapoachana. Kumtisha mtu kwa ajali akiwa amekaa ndani ya basi si injili, ni kumbana koo. Katika Matendo 8 kuna mhubiri wa kwenye chombo cha usafiri, Filipo. Alimkuta Mwethiopia, mtunza hazina wa malkia Kandake, anasoma Isaya garini mwake. Hakuanza kupiga kelele. Alimuuliza kama anaelewa anachosoma, na mwenye gari ndiye aliyemsihi apande akae naye.

MLOKOLE WA MORO
Soma na mstari wa 30, mzee. Filipo alilikimbilia lile gari kabla hajakaribishwa na mtu. Hizo mbio ndizo ninazozitetea.

BINTI WA TANGA
Alikimbia, sawa. Akauliza, akangoja jibu. Sasa yule mama aliulizwa nini?

MLOKOLE WA MORO
Ya yule mama sijaitetea, dada. Pale mhubiri alipaswa kunyamaza, na kama ana mafuta ya upako, amwombee mtoto.