Mrejesho: Chuo (madrasa) cha watoto na shule, hapa Kisumu

Assalaam alaykum. Niliwauliza ninyi: wanangu wasome Qurani saa ngapi, maana shule wanatoka jioni, kazi za mtaala wa CBC haziishi, nami duka nafunga usiku. Wengi mlisema baada ya alfajiri. Shukran, imefaa kuliko nilivyotarajia. Tukishaswali, kabla basi la shule halijafika, mkubwa hukaa jikoni akisoma Juzuu Amma (juzuu ya mwisho ya Qurani), tukianzia sura ya mwisho, An-Nas, kurudi nyuma, huku mimi nakoroga uji. Sasa tuko sura ya Al-Kawthar. Ghunna (sauti ya puani) ya "Inna" anaivuta vizuri mashallah, lakini akifika "a'taynaka" ile herufi 'ayn ya kooni inageuka hamza, kama "a" ya kawaida. Hapo siwezi kumdanganya mtu, anahitaji ustadhi. Kwa hiyo wikendi baba yao huwapeleka chuo Kaloleni.

Mdogo husinzia. Namwacha asikilize tu, na juzi nimemkuta akisoma Al-Falaq peke yake bafuni (nikamtoa mbio, bafuni si mahali pake!).

Ustadhi wa mtandaoni haikutufaa: bando inakwisha, na mtoto anajitazama tu kwenye skrini. Ramadhani tutahamishia baada ya daku.