Mgeni wangu Mmarekani mweusi anaomba jina la ukoo wetu. Mzee amekubali, shemeji amenuna

MamaWageni_Moshi
Habari zenu wakuu. Nina nyumba ndogo ya wageni hapa Moshi, upande wa Kiboriloni. Kuna mama mmoja, mwalimu mstaafu wa Baltimore, mweusi kunizidi, kila akija anafikia kwangu. Majuzi nilimpeleka Uru kwa wakwe. Akapewa mbege, pombe yetu ya ndizi, akaonja, akakunja uso, akamaliza kata yote. Hapo baba mkwe akampenda.

Wakaanza kuulizana koo, mimi natafsiri. Mama akasema kwao wanaweza kufika kwenye sensa ya Marekani ya 1870, basi. Sensa za 1850 na 1860 ziliwaandika watumwa kwa umri na jinsia chini ya jina la mwenye mali, wao wenyewe bila majina. Mzee alinitaka nirudie kutafsiri, alidhani nimekosea. Kisha akasema: Krismasi aje, achinjwe mbuzi, nitampa jina.

Shemeji yangu amekuja juu, anasema kesho atadai kihamba, shamba la ukoo. Na mimi nina langu: vipimo vya DNA vya huyu mama vinasema Kamerun na Naijeria. Uru tunaingiaje hapo? Si tunamdanganya mtu mzima? Naombeni ushauri.

Dereva_Himo
Mpeni jina muone. Mwakani anapanda masale, ile mimea ya kuweka mipaka 😂

BabaT_Tengeru
Dada, mwambie shemeji atulie. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999 asiye raia hamilikishwi ardhi ila kwa uwekezaji, na uraia pacha kwa mtu mzima hatuna. Jina la ukoo halibadilishi hilo hata mkichinja zizi zima.

La pili, huku kwetu hili si geni. Pete O'Neal aliyeongoza Black Panthers, chama cha kutetea haki za weusi, kule Kansas City aliikimbia Marekani, akapitia Algeria, akafika Tanzania 1972 na mkewe Charlotte. Wakajenga Imbaseni, kijiji karibu na Arusha, na 1991 wakaanzisha kituo cha jamii pale. Geronimo Pratt naye, wa Black Panthers pia, aliyefungwa miaka 27 kabla hukumu yake haijafutwa, aliishi Imbaseni hadi alipofariki 2011. Hakuna aliyewauliza DNA. Charlotte, yaani Mama C, tunamjua kwa muziki wake na kwa watoto waliolelewa pale.

Mwl_Historia
Shemeji anaogopa bure, ila swali lako wewe ni zito. Meli zilizovuka Atlantiki kwenda Amerika Kaskazini zilipakia watu hasa Senegambia, pwani za magharibi, Kongo na Angola. Wa huku kwetu wengi walishushwa Kilwa na Bagamoyo, wakapitishwa Unguja kwenda Uarabuni na visiwa vya Bahari ya Hindi. Hata hiyo DNA inamlinganisha na watu walio hai leo waliokwisha kupimwa, haimwonyeshi kijiji. Kwa hiyo apewe jina, lakini asije mjukuu akamwambia mbele ya kamera kwamba amerudi kwenye kihamba cha babu zake. Hapo ndipo udanganyifu unapoanzia, na waongoza watalii wetu wanaujua sana mchezo huo.

MamaWageni_Moshi
Asanteni. Nimemuuliza mwenyewe, akacheka: "Ramani naijua kuliko wewe." Hatafuti asili Uru. Anasema hiyo Kamerun anaweza kwenda wakati wowote, lakini hana wa kumpokea kule zaidi ya hoteli.

Nikampigia mzee. Kumbe jina ameshalichagua, la shangazi yake aliyekufa bila mtoto. Amejaribu kuwapa wajukuu, wazazi wanalikataa, wanasema ni la kizee, wanataka akina Brighton na Precious. Kwa hiyo mwenye shida ya jina hapa ni yeye mzee! Shemeji hakulijua hilo, sasa anauliza nani atakula kidari.

Mwenye beberu mzuri karibu na Kiboriloni anitumie ujumbe mapema, Desemba bei zinapaa.